Bibi Alusi: Ulimi wa Mtoto na Herufi Zinazomshinda



Alikuja bibi harusi dukani kwetu kujaribu gauni lake la kutolewa nje, kafuatana na mama yake, shangazi zake wawili na mtoto wa dada yake, wa kike, miaka minne hivi. Sisi tuna pini mdomoni, tunakaza kiuno, mtoto yuko chini anaokota vipande vya satini. Bibi harusi alipotoka nyuma ya pazia, yule mtoto akapiga ukelele wa furaha: "Mama, bibi alusi!" Sote tukacheka, kicheko cha mapenzi tu. Shangazi mmoja akamwita, "Njoo, sema harusi." Akasema alusi. "Ha-ru-si." "A-lu-si." Mara ya tatu mtoto akatutazama nyuso zetu mmoja mmoja, akafahamu kuwa anayechekwa ni yeye, akaenda kujificha ndani ya buibui la mama yake. Hakusema neno jengine mpaka walipoondoka.

Lilitukaa rohoni, kwa sababu nyumbani kwetu tunaye wa miaka sita ambaye tangu Mfunguo Sita, wakati wa maulidi, hataki kusikia habari ya chuo. Anasema "Al-lahmani". Siku moja alisimamishwa mbele ya wenzake arejee mpaka apate. Hakupata, na wenzake wakampa jina. Tangu siku ile kila ikifika saa kumi za jioni tumbo linamuuma. Chuo hatukitaji wala mwalimu hatumtaji, maana wengi wetu tulisomeshwa hivyo hivyo na tukaona ndiyo kawaida. Lakini tulijiuliza: herufi hizi zinazowashinda watoto wetu zimefikaje kwenye ndimi za watu wa visiwani, na waliotutangulia walimtazamaje mtu ambaye ulimi wake hauzifikii? Tukauliza wazee, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyakuta. Mabibi harusi msituache njiani, kwa sababu inshaAllah mwakani wengi wenu mtakuwa mnalea.

Sikio hutangulia, ulimi hufuata

Kwanza tuseme kidogo mdomo unavyofanya kazi, ili historia ieleweke.

Watoto wa dunia nzima huanza na midomo. Mama, baba, bibi, babu: m na b hazitaki zaidi ya kufunga midomo na kuifungua, na mtoto anaiona midomo ya mama yake ikifanya hivyo mbele ya macho yake. Halafu ncha ya ulimi nayo inaingia kazini, t, d, n. K na g zinatoka nyuma, mahali ambapo mtoto haoni kitu, na ndiyo maana wengine husema "tata" wakimkusudia kaka, na "nataka tula". Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika kitabu mwaka 1941 kueleza kuwa sauti huja kwa mpangilio, na ingawa waliokuja baada yake wamemrekebisha mengi, hili la midomo kuwa miongoni mwa za mwanzo limebaki.

R ni habari nyengine. Jaribuni wenyewe kuisema polepole, muone. Ulimi hauipigi r kama mkono unavyopiga mlango. Ulimi unawekwa tu, ncha yake karibu na ufizi wa juu, usilegee sana wala usikazwe sana, halafu pumzi ndiyo inayoutikisa. Kwa hiyo ukimwambia mtoto "jitahidi", anakaza ulimi, na ulimi uliokazwa hautikisiki. Kadiri anavyoogopa ndivyo r inavyomkimbia. Th na dh zinataka ncha ya ulimi itoke kidogo kati ya meno na pumzi ipite taratibu. Kh na gh zinataka nyuma ya ulimi isogee karibu na kaakaa bila kuziba. S nayo inataka ulimi ufanye kifereji chembamba cha kupitisha hewa kuelekea kwenye meno ya mbele. Sasa tazameni umri ambao tunawapeleka watoto chuoni na kuanza kuwabana: miaka sita, saba, wakati huo huo meno ya mbele yanang'oka! Tunamgombeza mtoto kwa kithembe na meno yenyewe hana.

Watafiti wawili wa Australia, Sharynne McLeod na Kathryn Crowe, walikusanya mwaka 2018 tafiti za lugha 27. Walikuta kuwa mtoto akifika miaka mitano konsonanti nyingi za lugha yake huwa anazisema sawa, na kwamba sauti za kutikisa ulimi kama r, na za kupitisha pumzi kwa msuguano kama th na s, huja nyuma ya b, m, t na wenzake. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayesema "alusi" hana ila yoyote, na wa miaka sita ambaye kinachomshinda ni r peke yake si wa kuitiwa watu.

Lililotushangaza zaidi ni habari ya sikio. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walionesha kuwa watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza, wakiwa na miezi sita mpaka minane, walizitambua tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo ule ulikuwa umepungua sana. Sikio lilishachagua lugha yake. Sisi tunapoambiwa kuwa nyumba isomwe Kurani kwa sauti tunafikiria baraka tu, na baraka ipo, lakini mtoto aliyemo ndani ya nyumba hiyo anasikia qafu na kafu kabla hajapata hata jino.

Na mtoto anayekosea kusema hakosei kusikia. Mwaka 1960 Jean Berko na Roger Brown waliandika kisa cha mtoto wa Kizungu mwenye samaki wa plastiki, ambaye jina la samaki alilitamka vibaya, lakini mtu mzima alipolisema vile vile kama yeye, akamkatalia. Tukajaribu kwa wetu. Tukamuuliza, "Yule ndiye lafiki yako?" Akakasirika: "Si lafiki! Ni lafiki!" Tukacheka, safari hii kwa siri, tukajua kuwa r anayo kichwani, imekamilika. Iliyochelewa ni ya mdomoni.

Mtu wa Oman aliyezipanga herufi kutoka kooni

Sasa twendeni Basra, Iraq, miaka zaidi ya 1,200 iliyopita. Hatuendi mbali kwa kutaka sifa. Tunakwenda huko kwa sababu kila mwalimu wa tajwidi wa Unguja na Pemba, ajue asijue, anatumia kazi iliyofanyika pale.

Uislamu ulikuwa umeshaenea, na watu wengi walioingia hawakuwa Waarabu: Wafursi, Wahabeshi, Waturuki. Wote walitaka kusoma Kurani na ndimi zao zilikuwa na mazoea mengine. Al-Khalil bin Ahmad, aliyezaliwa Oman katika karne ya 8 na kukulia Basra, alikaa kutafuta kila herufi inazaliwa wapi. Njia yake ilikuwa nyepesi mpaka inachekesha. Alitanguliza alifu kisha akaisimamisha herufi juu yake: ab, at, agh, na kusikiliza sauti inakatikia wapi. Akaziona nyengine zinatoka ndani kabisa kooni, nyengine ulimini, nyengine midomoni. Alipotunga kamusi yake hakuanza na alifu wala bee. Alianza na ayni, kwa kuwa inatoka kooni, akaja nayo mpaka akamalizia na za midomo, na kamusi ikaitwa Kitabu cha Ayni. Hebu fikirini: mtoto anakuja kutoka midomoni kwenda kooni, na al-Khalil akatoka kooni kuja midomoni, wakakutana njiani.

Mwanafunzi wake mkubwa, Sibawayh, alikuwa Mfursi. Lugha ya Kiarabu aliisoma, na kitabu chake ndicho kilichokuja kuwa msingi wa nahau ya Waarabu wenyewe. Baadaye sana alikuja Imamu Ibn al-Jazari wa Damascus, aliyezaliwa mwaka 1350 na kufariki 1429, na hizo makhraji 17 tunazofundishwa zimeshikwa zaidi kupitia yeye. Hata Ibn Sina, tabibu, aliandika risala ya sababu za kutokea kwa herufi, akieleza koo na ulimi kama mtu anavyoeleza mashine. Sisi mafundi tunampenda mtu wa namna hii. Ukitaka kujua gauni linabana wapi huligombezi, unafumua mshono ukatazama.

Lakini aliyetugusa hasa ni mtu mwengine wa Basra, Wasil bin Ataa, aliyefariki mwaka 748. Madhehebu yake si yetu, ni katika viongozi wa mwanzo wa Muutazila, lakini kisa cha ulimi wake kinafaa kusomwa. Alikuwa hawezi r. Na alikuwa mtu wa kuhutubia, mbele ya magavana na watu wenye kumtafutia kosa. Basi akazoea kuhutubia bila ya kutumia neno lolote lenye r. Ngano kwa Kiarabu fasaha ni burr, yeye husema qamh. Alizunguka namna hii katika hotuba nzima mpaka asiyemjua hakutambua kuwa mtu huyu ana ila ya ulimi. Jaribuni kuzungumza kwa dakika moja tu kwa Kiswahili bila ya r, muone mtakavyokwama kwenye rafiki, barua, bahari na harusi.

Habari zake alizieleza al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, katika kitabu chake kuhusu ufasaha. Na al-Jahiz hakuishia kwa Wasil. Alizitaja herufi zinazoharibika ndimini mwa watu: qafu, sini, lamu na ree. Akaeleza kuwa sini hugeuka th, ndiyo hiki kithembe chetu, na ree hugeuka sauti zaidi ya moja, mmoja akasema yee, mwengine akasema ghaini. Akasema pia kuwa hii ya ghaini ilikuwemo hata kwa watu wakubwa na wenye elimu. Maana yake, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita mtu alikaa akawasikiliza wenye kithembe kwa makini, akaandika kila mmoja anageuza nini kuwa nini. Wataalamu wa matamshi ya watoto leo ndivyo wanavyoanza.

Kuna kisa hupenda kusimuliwa kuwa Sayyidna Bilal, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa anasema sini badala ya shini katika adhana. Kisa kinapendeza na huwapa moyo watu, lakini wanazuoni wa hadithi wamesema hakina asili, na Bilal anajulikana kwa sauti nzuri. Tusimzulie. Tukitaka la kutupa moyo, lipo lililo sahihi: hadithi ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayesoma Kurani huku akikwamakwama na ni nzito kwake ana ujira mara mbili. Na ipo dua ya Nabii Musa katika Surat Twaha, anayemuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimini mwake. Mtume mzima.

Mafakihi nao hawakulisahau jambo hili. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi anawataja katika Minhaji wenye ndimi zinazobadilisha herufi. Anayeweza kujifunza na akafanya uvivu ana lawama. Asiyeweza, sala yake mwenyewe ni sahihi. Mazungumzo marefu yako kwenye kuwasalisha wengine, na hilo waulizeni masheikh wenu. Sisi tunaona jambo moja tu: kwanza wanauliza anaweza au hawezi, ndipo lawama ije. Kwa mtoto wa miaka sita swali hilo hatuliulizi.

Lugha yetu wenyewe ilifanya kama mtoto

Turudi kwetu. Th, dh, gh na kh tunazojivunia watu wa Unguja zimekuja na maneno ya Kiarabu: thamani, dhahabu, ghali, kheri. Lakini hazikuja zote. Kiarabu kina dhali, dhadi na dhee, herufi tatu mbalimbali. Sisi tukachukua dhahabu kutoka kwa dhali, dhaifu kutoka kwa dhadi, na dhuluma kutoka kwa dhee, tukazisema zote kwa dh moja. Sadi na sini tukazifanya s, ndiyo sabuni na salama. Kadhi kwa Kiarabu anaanza na qafu, kitabu kinaanza na kafu, na sisi sote wawili ni k. Haki na hewa zina h mbili tofauti kule, kwetu moja. Ayni ikapotea kabisa, tumebaki tunasema Ali na Omari kwa wepesi kama tunavyosema embe.

Hivi ndivyo hasa anavyofanya mtoto. Akikuta sauti mbili zinazokaribiana na moja ngumu, anashika ile nyepesi na kuitumia kwa zote mbili. Babu zetu walifanya hivyo, na Kiswahili kikazidi kupendeza. Hakuna aliyewasimamisha mbele ya darasa.

Wala si ndimi zetu peke yake. Kiarabu hakina p, na anayetoka huko akianza Kiswahili huona tabu kidogo mpaka aizoee. Hata herufi zenyewe zilipungua: walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walilazimika kutumia herufi moja kwa sauti zaidi ya moja, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1947, ni miongoni mwa waliozirekebisha ili p, ch, v na nyenginezo zipate pahala pao.

Chuoni ndipo mtoto wa Kiswahili alipokutana na herufi zilizoachwa na lugha yake. Anakaa mkekani, ubao mapajani, anaanza na majina ya herufi, anaingia fataha, kisira na dhumma, anafika Juzuu Amma, mpaka akihitimu kwao wanapika. Kusoma kulikuwa ni sauti. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886 kuwa watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, kuandika hawakufundishwa, na yeye alijifundisha kwa siri kwa kuziiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa miaka mingi, basi, elimu ya mwanamke wa kisiwani ilikaa ulimini na sikioni mwake. Bibi asiyejua kuandika jina lake alikuwa akisikia mjukuu amekosea makhraji, akiwa jikoni anakuna nazi, anamrekebisha kutoka huko huko.

Upande mwengine wa historia hii si mtamu. Unguja ya karne ya 19 ilijaa watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara, wanaume na wanawake, na wengi wa wanawake hao ndio waliolea watoto wa majumba makubwa. Lugha zao zilikuwa na sauti zao, na gh na kh hazikuwa mazoea yao. Aliyesema "gali" badala ya ghali alijitambulisha kabla hajaulizwa atokako. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi, ili mtu asiwatazame akawajua walikuwa nani. Sisi tunaouza vitambaa tunaijua vizuri hadithi hiyo. Kanga unaweza kuinunua na kuivaa siku hiyo hiyo. Ulimi hauna duka. Aliyetaka ulimi wa kiungwana alimpeleka mwanawe chuoni, na huyo mtoto akabeba mdomoni mwake heshima ya ukoo mzima.

Sisi tunaamini, na haya ni maoni yetu, kuwa kicheko kinachomfuata mtoto mwenye kithembe kina mabaki ya zama zile. Kwani mtoto akikosea hesabu husema amekosea hesabu, lakini akisema "samani" au "zahabu" huulizwa kwao wapi. Masikio yetu bado yanapanga watu.

Skuli nazo zikaja na mambo yao. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Mwaka uliofuata wakakutana wajumbe Mombasa, wakaamua Kiunguja ndicho kitakuwa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Th, dh na gh zikaandikwa. Kh ikawekwa pembeni katika maneno mengi: sisi tunasema kheri na khabari, vitabu vikaandika heri na habari. Kwa hiyo mtoto wa Unguja akafundishwa na bibi yake kuwa kheri ndiyo sahihi, akaenda skuli akakuta heri ndiyo sahihi, na jioni chuoni akaambiwa kh itoke kooni vizuri. Watu wazima hawakukubaliana, mtoto akaulizwa yeye.

Wa kwetu

Tulipofika hapa tukajifunga buibui tukaenda kwa mwalimu, baada ya sala ya isha, bila ya mtoto. Tulikwenda na hasira kidogo, hatufichi. Mwalimu ni mwanamke mtu mzima, alitukaribisha ndani, akatutilia chai. Tulipomweleza alinyamaza, kisha akasema yeye alipokuwa mdogo sadi ilimshinda na alipigwa ufito kwa ajili yake, na mpaka leo akiifikia katika sala hujishitukia. "Nilidhani namsaidia," akasema. Hasira zetu zikaishia pale pale kwenye kikombe.

Akatuonesha anachojua. Huiweka herufi juu ya alifu, ar, as, agh, asikie inakwama wapi, na hakumjua al-Khalil kuwa ndiye aliyeanza. Alifundishwa hivyo na mwalimu wake, naye na wake. Akasema wa kwetu atasoma pamoja na wenzake, hatasimamishwa peke yake mpaka mwenyewe atake, na mwenye kumwita jina atakaa mlangoni.

Jirani mmoja alitushauri mtoto akatwe kile kijinyama kinachoushika ulimi chini. Tulimpeleka kwa daktari kwanza. Akamwambia autoe ulimi nje, aupandishe juu, augeuze kushoto na kulia, ukafika kote. Akasema wapo watoto ambao kijinyama hicho ni kifupi kweli na huhitaji msaada, huyu si katika wao. Akampima masikio pia, na hili tunaomba msilipuuze, maana mtoto ambaye sikio lake limejaa majimaji kwa mafua ya mara kwa mara hawezi kutoa sauti asiyoisikia vizuri. Na ikiwa mtoto amefika miaka minne au mitano na watu wa nje ya nyumba hawafahamu anachosema, si r tu bali maneno yake mengi, msingoje.

Nyumbani tumeacha kumwambia "sema tena". Akisema "lafiki yangu kaja", tunamjibu, "Rafiki yako kaja? Mwambie rafiki aingie ndani." Anaisikia mara mbili bila ya kuaibishwa, na maneno yanaendelea. Tukiwa jikoni tunacheza mchezo wa kunguruma kama pikipiki, na hapo ulimi wake hutikisika wenyewe, kwa sababu hajui kuwa anasoma. Chuo amerudi. Bado anasema "Al-lahmani", lakini anasema kwa sauti, na tumbo haliumi.

Ijumaa walikuja kuchukua gauni, na yule wa kike akaja nao. Safari hii hakuna aliyemwambia aseme kitu. Bibi harusi akalivaa kwa mara ya mwisho tuone pindo limekaaje, akasimama mbele ya kioo, na mtoto akamzunguka mara mbili akiligusa gusa. Halafu akaja kutunong'oneza sikioni, taratibu kabisa, kama mtu anayepima joto la maji:

"Bibi halusi."